Kisangani Ndiyo Rada: Maporomoko ya Congo Bila Stori za Jaba

Tupa hii swali kwa base yoyote Nairobi: maporomoko kubwa kuliko zote duniani ni gani? Utaona venye ubishi inawaka. Mmoja atasema Niagara, juu kuna cousin yake alipiga selfie hapo. Mwingine ataapa ni Victoria. Alafu yule msee wa kukesha YouTube atawanyamazisha wote na Angel ya Venezuela, mita 979. Na si ati wanakosea, ni vile kila mtu ameshika futi. Weka futi chini, upime maji yenyewe, ile inapita hapo kila sekunde, na jibu yenye inatajwa sana inahamia kwa jirani: Boyoma, Kisangani, DRC. Hapo inasemekana inapita kama mita za ujazo 17,000 kwa sekunde. Niagara ni karibu 2,400. Hiyo ni Niagara saba, buda, na kwa mbogi yako yote hakuna mtu amewahi kuiweka status.

Sasa kabla ujipange, skia hii vizuri, juu sitaki ufike huko uanze kunitusi. Boyoma si ile pazia ya maji unaona kwa kalenda ya benki. Hakuna mahali utasimama na poncho ukilowa ukipiga nduru. Ni maporomoko saba zimejipanga kwa mto Lualaba kwa umbali wa kama kilomita 100, kutoka Ubundu hadi Kisangani, na ukizijumlisha zote zinashuka mita 60 hivi. Zote saba! Thomson's ya Nyahururu, ile ya school trip na picha ya ngamia, ni mita 74 peke yake. Kwa hivyo kwa urefu, ile kubwa duniani inachapwa na Nyahururu, na mimi naona hiyo ni poa sana. Inakulazimisha uache kuangalia juu uanze kuangalia kinachoendelea kwa maji.

Na kwa maji ndio kuna show.

Maporomoko ya saba, ya mwisho, iko karibu kabisa na tao. Wasee wa hapo ni Waenya, lakini wengi wanawajua kama Wagenia, na venye wanavua samaki sijawahi skia pengine. Kwa yale mawe ya katikati ya mto kuna mashimo, na hayo mashimo yamechimbwa na maji yenyewe kwa miaka na mikaka. Waenya wanasimamisha magogo marefu ndani ya hayo mashimo, wanayafunga na kamba za msituni mpaka inakuwa fremu ya miguu mitatu imesimama wima katikati ya fujo yote hiyo. Alafu kwa fremu wananing'iniza dema kubwa za kusuka, pana mdomoni na nyembamba mwisho, zingine mtu mzima anaweza kuingia ndani na abaki na nafasi. Mdomo unaangalia kule maji inatokea. Samaki akishukishwa na mto anaingizwa ndani, na huko nyuma maji inamsukuma na nguvu mpaka hawezi hata kugeuka. Hakuna chambo. Hakuna ndoano. Mto ndio inafanya kazi ya kukamata, na jamaa anakuja tu kuchukua.

Lakini hiyo "kuchukua tu" usiichukulie kimchezo. Dema zinaangaliwa mara mbili kwa siku, na kuangalia ni kupanda zile magogo bila kamba ya usalama, maji inanguruma chini yako, uvute kitu imejaa maji na samaki mwenye hataki kuja. Ukiteleza, umeteleza. Vijana wanajifunza wakiwa wadogo, kwanza kuogelea, kisha kupiga kasia, alafu ndio unaruhusiwa kupanda. Na si kila mtu anajiwekea dema penye anataka: sehemu za kuvua ni za familia na ukoo, zinarithiwa, na kila mtu anajua shimo gani ni ya nani. Ukiangalia vizuri ni plot za Nairobi, tofauti ni title deed iko kwa jiwe.

Ukitaka kuingia kwa maji wanakubeba na mtumbwi wa gogo moja, wapiga kasia wamesimama, wanaimba ndio mikono iende pamoja. Hiyo ndio kitu ungelipia. Na kulipa utalipa, juu hapo ni kwa watu. Kuna ada ya kijiji, kuna chifu, na mazungumzo inafanywa kabla, si baada. Tafuta mwenyeji akuingize, mkubaliane bei ya kila kitu, pamoja na foto, alafu utoe simu. Msee akikuja hapo na kiburi ya "nilishalipa ndege" ataona tu migongo ya watu.

Kitu ingine ya kubamba: hizi maporomoko zinavuka ikweta. Ubundu iko kusini yake, Kisangani iko kaskazini. Kule Nanyuki tunalipia jamaa wa beseni atuonyeshe maji inazunguka upande huu na upande ule, stori yenyewe ya jaba. Huku mto mzima unaivuka bila kuambia mtu. Na maji ingine kwa huo mto mnaijua: Ziwa Tanganyika inamwaga kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inakuja Boyoma. Kwa hivyo kuna tone la Kigoma na la Bujumbura linapita chini ya zile dema. Baada ya maporomoko ya saba, Lualaba inaitwa Congo rasmi, na kutoka hapo ni kama kilomita 1,700 ya mto unaweza kusafiria na boti mpaka Kinshasa. Ndio maana mji uko penye uko. Boti kutoka chini haiwezi kupanda tena, kwa hivyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kuzunguka maporomoko, Kisangani hadi Ubundu, ikafunguliwa 1906.

Lugha haitakusumbua. Kisangani wanaongea Lingala na pia Kiswahili, na hiyo Kiswahili haikudondoka kutoka mbinguni. Ilikuja na misafara kutoka pwani yetu, na msee mkubwa wa hiyo stori ni Tippu Tip wa Zanzibar, mwenye alikuwa anasaka pembe za ndovu na watumwa mpaka huko ndani kabisa. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya gavana wa hapo hapo. Stanley, yule mzungu mpelelezi, alikuwa amepita miaka kumi kabla ya hiyo, Januari 1877, akizunguka maporomoko moja baada ya ingine, mitumbwi inaburutwa kwa msitu, na wenyeji wakimpiga vita njia yote. Akaipatia jina lake, vile walikuwa wanapenda. Mji ukaitwa Stanleyville hadi 1966. Kwa hivyo ukisalimia mama wa sokoni na "jambo" akakujibu, mshukuru yeye, usimshukuru Tippu Tip. Na usiogope ngeli zako. Huko watu ni "batu", watoto ni "batoto", na kila kitu "iko". Mtoto wa Eastlands atajiskia kejani.

Kwa mtaa kuna boda za baiskeli. Wanaita toleka, kiti nyuma imewekwa mto wa kukalia, na jamaa anakunyonga kutoka soko hadi mtoni bila kelele ya injini. Panda hiyo. Dishi ni lituma, ndizi za kuponda, na samaki mwenye asubuhi alikuwa kwa dema. Sombe utaipata kila mahali, hiyo ni majani ya muhogo, na ikipikwa na mawese vizuri utasahau sukuma wiki kwa muda. Ukiwa na siku ya ziada, shuka na mto kama kilomita 100 hadi Yangambi, penye Wabelgiji waliweka kituo cha utafiti wa kilimo miaka ya 1930 na bado kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa. Najua, mimea iliyokaushwa haiuzi tiketi. Lakini njia ya huko ni mto na msitu, msitu na mto, na hapo ndio utaelewa kwa nini watu wanasema DRC ina karibu asilimia 60 ya msitu wa mvua wa Bonde la Congo.

Wacha niseme na hii pia, juu brosha hazisemangi. Mji umeona giza. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania Kisangani siku sita, kwa nchi ya wenyewe, na raia ndio waliumia. Sai tuko nao EAC moja, Congo iliingia 2022. Ukiwa huko, kama mzee anakuambia hiyo stori, weka simu chini umsikize. Na hali ya usalama mashariki ya nchi inabadilika na haraka, kwa hivyo uliza wenye wako huko wiki hiyo hiyo, si mwaka jana. Wakisema ngoja, ngoja. Mto haiendi mahali.

Sasa ukishuka hadi Kinshasa, huo mto unabadilisha tabia. Hapo umetulia, umepanuka, Brazzaville inaonekana ng'ambo, unaweza dhani ni ziwa. Alafu magharibi mwa mji, pale Kinsuka, unachanganyikiwa ghafla. Hapo ndio zinaanza rapidi za Livingstone, safu ndefu ya maji ya hasira kama kilomita 350 hadi Matadi, na njia hiyo yote mto unashuka kama mita 270. Wasee wa Kinshasa wanaenda Kinsuka jioni kukaa kwa mawe, bia baridi mkononi, maji inapiga kelele mbele yao. Mita chache kando kuna wamama na vijana wanapasua mawe na nyundo, wanauza kokoto za kujenga. Starehe na msoto kwa jiwe moja. Kama umelelewa Nairobi huo mchanganyiko hautakushtua, lakini angalau nunua kitu kwa mtu.

Huko chini kwenye rapidi ndio kuna stori ambayo mimi naiweka juu ya zote. Mto hapo umechimba chini zaidi ya mita 200, na ndani ya hiyo shimo anaishi samaki mmoja mdogo, mweupe kama karatasi, hana macho yanayoona. Wanasayansi wanamwita Lamprologus lethops. Wavuvi walikuwa wanamwokota juu ya maji akiwa amekufa ama anakata roho, na jibu yenye wanasayansi walipata ni kwamba anasukumwa na mkondo kutoka chini kabisa hadi juu na haraka mpaka mwili wake unashindwa na mabadiliko ya presha, vile inafanyikia wapiga mbizi wenye wanapanda bila kupumzika. Samaki kupata ugonjwa wa wapiga mbizi! Ndani ya mto, si bahari. Na maji hapo ni kali mpaka samaki wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile wanaweza kuwa hawakutani, kila upande unazaa kivyake.

Binadamu naye amejaribu kupita hapo. Frank Pocock, mzungu wa mwisho kwa msafara wa Stanley ukitoa Stanley mwenyewe, alikufa maji hapo Juni 1877. Mwaka 1985 mtangazaji wa TV wa Ufaransa, Philippe de Dieuleveult, alipotea na wenzake wakijaribu kupita sehemu ya Inga na maboti ya mpira. Ilibidi kungoja hadi 2011 ndio Steve Fisher wa Afrika Kusini na kikosi chake cha kayak wakaipita na wakatoka hai. Usijaribu. Hata miguu usitie.

Inga yenyewe si ya kutalii sana, ni ya stima, na kuingia kunahitaji ruhusa. Lakini ni lazima niitaje juu pesa ya hii bara imelala hapo. Congo inavuka ikweta mara mbili, kwa hivyo kaskazini kukikauka kusini kunanyesha, na mto unabaki umejaa karibu mwaka mzima. Kwa mtambo wa umeme hiyo ni ndoto. Inga I iliwashwa 1972 na megawati 351, Inga II ikafuata 1982 na 1,424. Mpango wa Inga Kubwa umekuwa kwa makaratasi miaka mingi, unaongelea zaidi ya megawati 40,000. Mitambo yote ya Kenya ukiiweka pamoja iko kama 3,000 na kitu. Na bado usiku kuna mitaa mingi ya Kinshasa iko giza. Hapo sina la kuongeza.

Kwa mtu wa wikendi, Zongo ndio jibu. Kutoka Kinshasa unachukua barabara ya Matadi, unakatia kando, na njia ya mwisho ni mbaya, tafuta gari ya juu. Ni mto Inkisi, unaanguka kama mita 65 kwa mara moja, na hii sasa ndio ile pazia ulikuwa unataka. Mvuke unapanda, msitu umejaa kijani, upinde wa mvua unatokea jua likikaa vizuri. Piga luku yako hapo, hakuna mtu atakuhukumu. Ukirudi, pitia Kisantu kwa bustani ya mimea ya mapadri Wajesuiti, miti mikubwa, kivuli poa, familia za Kinshasa zimetandika leso. Sema mbote, hiyo ni salamu ya Lingala, na ununue chikwangue, ule mkate wa muhogo, kando ya barabara. Na Jumamosi usiku rudi mjini, juu rumba ya Congo iliingia orodha ya UNESCO mwezi wa Desemba 2021 na Kinshasa haijawahi kungojea UNESCO iiambie icheze.

Kuna wale wenye bado watanishikia futi, sawa, nimewaskia. Yenu iko kusini, Katanga, inaitwa Lofoi. Iko ndani ya Mbuga ya Taifa ya Kundelungu, inaanguka zaidi ya mita 340, ni kati ya ndefu kabisa Afrika. Karuru yetu ya Aberdare, ndefu kuliko zote Kenya, ni mita 273. Lakini Lofoi iko kwa mbuga kavu, si msitu wa mvua, na msimu wa kiangazi maji inapungua mpaka inakuwa uzi. Nenda mvua ikiisha tu. Unaanzia Lubumbashi, penye Kiswahili ndio lugha ya mtaa na ugali ni bukari, na kutoka hapo ni barabara ndefu na miguu. Huko Katanga pia kuna Kiubo, kwa mto Lufira, fupi lakini pana na ya heshima.

Mambo ya mfuko sasa. Dola inatumika Congo kila mahali lakini iwe safi, noti imeraruka kidogo ama imechorwa utarudishiwa. Foto usipige uwanja wa ndege, daraja, jengo la serikali ama askari, hiyo ni ngori ya bure na itakumalizia doh. Drone iwache nyumbani isipokuwa una barua. Kifaransa kidogo kitakusaidia kwa ofisi, kwa mtaa songa na Kiswahili mashariki na kusini, Lingala magharibi. Mambo ya viza uliza ubalozi kabla ulipe tiketi, usiulize mimi, usiulize TikTok.

Kama doh yako inatosha mji mmoja tu, na wenyeji wakikwambia kuko sawa, chagua Kisangani. Zongo ni tamu, Lofoi ni ndefu, lakini fremu za Waenya zimesimama kwa mto mmoja tu duniani.

Na ya mwisho kabisa: Congo haikuingizi bila kadi ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo usiende kudungwa siku moja kabla ya ndege. Dungwa mapema.